Kindi na Mvule Mkavu wa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wa kusengenya, aliishi Bi Digidigi. Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, maana hadithi hii ina kishindo.

Nyumba ya Bi Digidigi ilikuwa ndogo na safi, imetazamana na uwanja mpana. Lakini kati ya nyumba na uwanja, ubavuni kabisa mwa ukuta, ulisimama mvule mkubwa uliokufa. Majani yalikwisha pukutika, magome yalikuwa yakibanduka, na mchwa walikuwa wakiula kwa ndani. Upepo ukipita kidogo tu, mti unalia: kwiii! kwaaa! Tena ulikuwa umeanza kuinamia paa.

Mtauliza, kwa nini asihame? Angehamaje? Bi Digidigi alikuwa amejifungua juzi tu, na mkunga wake, Bi Nungunungu, alikuwa mkali wa mila kuliko wote. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake itimie. Hata kizingiti hakanyagi.

Asubuhi moja, mama alipokuwa akinyonyesha, kwaa! Pu! Tawi likaanguka nje ya jiko na kuvunja mtungi wa maji. Mtoto akaruka mikononi mwake. Bi Digidigi akamkumbatia, akalia.

"Hodi dirishani!" Kumbe ni Kindi, jirani yake, mkia juu kama kawaida. "Mzazi, mbona macho yamevimba?"

"Mti huu utaniulia mwanangu, Kindi. Mvua za masika ziko njiani, na upepo wake unaujua."

"Hauui mtu. Nitautoa."

Bi Digidigi akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe? Wewe ambaye upepo ukizidi unashika kamba ya nguo?"

"Akili ninayo. Nguvu nitaazima."

"Na nyumba yako je? Si unakaa humo humo kwenye tundu la mvule?"

"Aaa, pale? Nimeshahama siku nyingi. Niko kwa shemeji yangu, kwenye mti wa mtondoo." Akageuka haraka kutazama uwanjani, kama aliyeitwa.

Siku ile ile akamleta Mzee Tembo. Bi Digidigi akamwamkia kupitia dirisha.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uzazi. Mti ndio huu? Nauwekea kichwa mara moja tu, kwisha!" Akasimama uwanjani, akalaza paji la uso kwenye shina. Mti ukalia kwiii!

"Simamaaa!" Kindi aliruka akadandia mkonga wake. "Babu, ukisukuma kutoka hapa, mti utaangukia wapi?"

Tembo akatazama mti, akatazama nyumba. "Mh! Utamwangukia mzazi."

"Basi zunguka, usukumie uwanjani."

Tembo akazunguka. Lakini kati ya shina na ukuta hata sikio lake halikuenea. Alipojaribu kujipenyeza, ukuta ukatikisika, vikombe vikaanguka kabatini. Bi Nungunungu akapiga kelele, "Toka! Toka huko, utatuzika hai!"

"Basi tukufungie kamba, babu, uvute kutoka kule mbali," Kindi akasema.

"Kuvuta?" Tembo akafura. "Kuvuta ni kazi ya punda! Ukoo wetu husukuma. Siku ukisikia nimevuta, njoo na sanda." Akaondoka, pwata, pwata, pwata.

Akaitwa Bwana Nyati. Naye akanusa mti, akafuta pembe zake, akasema, "Mimi nagonga. Sivuti." Akaenda zake.

Bi Digidigi alisikia yote. Alimfunika mwanawe kwa khanga kana kwamba khanga ingezuia mvule. "Basi," akasema. "Tumeshindwa."

Kindi alikuwa akijikuna sikio. "Mzazi, mtoto umeshampa jina?"

"Bado."

"Vizuri. Usimpe."

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari mpya. Kindi alikuwa akipita nyumba hadi nyumba: "Mtoto wa Bi Digidigi anatafutiwa jina! Kwa ukoo wao jina halipewi, linavutwa! Limefungwa juu ya mvule. Atakayelivuta likashuka, mtoto ataitwa jina lake, na yeye atakuwa somo wa mtoto!"

Bi Digidigi akashtuka. "Bi Nungunungu, mila gani hiyo? Mimi sijawahi kuisikia!"

Mkunga, ambaye kwa mila hakuwa na mchezo, akakohoa tu. "Kunywa uji wako, mwanangu."

Kazi ikaanza. Kwanza mtoto na mama wakahamishiwa chumba cha mbali na mti. Kisha Kindi akapanda juu, akaanza na matawi yaliyotanda juu ya paa. Hakuacha hata moja lidondoke lenyewe. Alilifunga kamba kwanza, akaizungusha kwenye tawi la juu yake, akalitafuna, halafu akalishusha taratibu, mpaka likatua chini bila kuamsha mtoto. Bi Digidigi alimtazama kwa dirisha la pili, na kila tawi lililotua alinong'ona, "Asante, jirani. Asante."

Bi Nungunungu naye alipiga magoti upande wa uwanjani, akatafuna pengo kwenye shina: kru, kru, kru. "Nimezalisha kijiji kizima hiki," alilalamika, akitema vumbi, "na leo nakata mbao kwa meno!"

Kileleni Kindi akafunga kamba mbili, kila moja ndefu kuliko mti wenyewe. Moja akaitandaza uwanjani kuelekea kulia, nyingine kushoto. Katikati akafukuza kila mtu, hata kuku.

Mzee Tembo akafika amevaa kofia ya sikukuu. Bwana Nyati akafika amepaka pembe mafuta.

"Mbona kamba ziko mbali hivi?" Tembo akauliza.

"Jina lataka heshima, babu. Halisogelewi."

"Na huyu Nyati anafanya nini hapa?"

"Anasema mtoto ataitwa Nyati."

"Ati nini? Lete kamba!"

Wakashika. "Tembo! Tembo! Tembo!" akanguruma huyu. "Nyati! Nyati! Nyati!" akakoroma yule. Kamba zikakaza, nggg! Mvule ukalia kwiii, ukayumba kuelekea nyumbani. Bi Digidigi akafumba macho. Ukarudi. Ukasimama wima kidogo, kama unaofikiri. Halafu kra, kra, kraaa... PUUUU!

Vumbi likajaa uwanja mzima. Lilipotulia, mvule ulikuwa umelala katikati ya Tembo na Nyati, na nyumba imesimama hata kigae hakijatikisika.

"Nimelivuta mimi!" Nyati akasema. "Jina liko wapi?"

Tembo akatazama mti. Akatazama kamba mkongani mwake. Akatazama nyumba. "Ala!" akasema polepole. "Nimevuta. Mimi, nimevuta! Kindi! Umetufanya punda!"

Nyati akainamisha pembe. Kindi tayari alikuwa juu ya paa.

Hapo dirisha likafunguka. Bi Digidigi alimnyanyua mwanawe aliyelala kwenye ungo. "Babu, Bwana Nyati, msimguse Kindi. Mila ile haikuwepo, ila kuanzia leo ipo. Mmeniokolea mwanangu, sina cha kuwalipa isipokuwa hili: anaitwa Tembo Nyati."

Wakubwa wale wakachungulia. Kitoto kilikuwa hakijai hata ungo. Tembo akapangusa machozi kwa sikio. "Linamfaa sana," akasema, na Nyati akakubali.

Bi Digidigi alikuwa akifunga dirisha alipoona kitu. Shina lilikuwa limepasuka, na ndani ya tundu kulikuwa na kijikeka kidogo, kijungu kimevunjika, na njugu za akiba ya masika yote zimemwagika mavumbini. Kijikeka kilikuwa kimetandikwa vizuri, kama cha mtu aliyeamka asubuhi ile.

"Kindi," akaita. "Si ulisema umehama?"

Kindi akajikuna sikio. "Nimehama, mzazi," akasema. "Leo."

Bi Digidigi alitandika mkeka darini kwa mikono yake, akamjazia njugu chungu kipya, na kuanzia siku ile hakuna wa nyumba ile aliyethubutu kumfukuza Kindi darini.

Hadithi yangu imeangukia hapo, mahali palipo wazi, haikumuumiza mtu: ukisaidiwa, shukuru, halafu tazama vizuri aliyekusaidia amepoteza nini.