Konveta ya Bwana Lukwele

Mwenye moyo mwepesi ajiondokee sasa hivi. Hadithi hii ina oili na ina damu, na hakimu wake si mimi, ni ninyi.

Palikuwa na mafundi watatu katika gereji moja ya Morogoro, mji kasoro bahari. Kobelo alikuwa na sikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kumsalimu. Banzi alikuwa na vidole. Aligusa chuma akakutajia joto lake, na kipimo kikaja kumuunga mkono. Mwanne alikuwa na macho, na mshale wa dashibodi ukitikisika kidogo tu, yeye ameshauona. Walijifunza kazi pamoja na kula sahani moja miaka kumi na miwili.

Mwenye gereji, Bwana Lukwele, alikuwa na gari la otomatiki aliloliongezea nguvu. Siku za kazi lilipeleka watoto wake shule, Jumapili lilishindana mbio. Lakini kuondoka lilijivuta kama mlevi aliyeamshwa. Lilitaka toki konveta nyingine, lile boga la chuma lenye oili linalokaa kati ya injini na gia boksi. Ikiwa ngumu, inaikaba injini kabla haijaamka. Ikiwa legevu mno, injini inapiga kelele, gari linasita, na oili inachemka.

"Stoo kuna konveta nne," akasema Lukwele. "Atakayenichagulia iliyo sawa ndiye fundi mkuu. Wawili watafungasha virago."

"Bosi, si tuchague pamoja?" akauliza Mwanne.

"Pamoja mmekula vya kutosha."

Akaanza Kobelo, akafunga ile ngumu kuliko zote. Sikio lake moja lilikuwa bovu tangu utotoni, akaegemeza lile zima kwenye mpini wa bisibisi. "Shika breki, bosi. Kanyaga mafuta taratibu." Akasikiliza, akatabasamu. "Inaamka kwenye mizunguko elfu mbili na mia sita. Chini ya hapo imelala. Konveta hii inaikaba kabla ya hapo, itupe." Lukwele akafurahi, akakanyaga mafuta mpaka chini ili asikie raha. Injini ikaruka, feni ikaipiga bisibisi, mpini ukazama sikioni. Kobelo hajasikia kitu tena.

"Nani anafuata?" akasema Lukwele.

Banzi akafunga ile legevu kuliko zote, wanayoipenda watu wa mashindano. Wakazunguka kwenye foleni ya Msamvu nusu saa, wakarudi. "Zima injini, bosi, nishike bomba la oili." Akashika. "Hii itaua gia boksi kabla ya Idi. Ni ya uwanjani, si ya kupeleka watoto shule. Tupa." Lukwele hakuwa amezima. Akapiga mafuta mara moja, kwa utani tu, bomba likachomoka na oili ikamwagikia Banzi mikono yote miwili. Ngozi ilibanduka pamoja na kucha.

"Angevaa glovu," akasema Lukwele.

Zikabaki mbili, zinafanana kama mapacha, na zote ziliacha injini iamke ndipo zikaikamata. Mwanne akazijaribu barabarani moja baada ya nyingine, Lukwele akiendesha. Alifungua mkanda wa kiti na kuusogelea mshale wa mizunguko. "Umeuona, bosi? Kwenye mwendo wa kawaida umeshuka kidogo. Hii inajifunga, inaacha kuteleza, oili inapoa. Ile ya kwanza haikujifunga hata mara moja. Chukua hii." Lukwele hakuona kitu. "Tuone na breki," akasema, akaikanyaga bila kumwonya. Uso wa Mwanne ukapasua kioo cha mbele. Vipande vilitolewa hospitali, macho hayakurudi.

Jumapili gari likashinda. Jumatatu likapeleka watoto shule, oili imetulia. Jumanne Lukwele akawaita watatu wale, akaweka ufunguo wa gereji juu ya boneti.

"Bila sikio langu mngeanzia wapi?" akapaza sauti Kobelo, kama viziwi wapya wanavyofanya.

"Hata tungeanzia wapi, bosi angechoma gia boksi kama nisingemzuia mimi," akasema Banzi.

"Ninyi mlikataa tu," akasema Mwanne. "Aliyechagua ni mimi."

"Anasemaje?" Kobelo akamuuliza Banzi, akimtazama midomo.

Banzi akasema polepole ili midomo isomeke. "Anasema kiziwi hafai kitu."

Ulikuwa uongo. Kobelo akamtemea mate Mwanne usoni, na Mwanne, asiyeona yalikotoka, akampiga kofi Banzi kwenye bandeji. Banzi akalia kama mtoto. Ile sahani moja ya miaka kumi na miwili ilivunjika hapo, na nawaambia mimi iliniuma.

Lukwele alicheka mpaka akaegemea mlango. "Kiziwi, kilema, au kipofu. Niliahidi na nitatimiza. Lakini sijui nani, na sitaki lawama. Waulizeni watu."

Basi watu ni ninyi. Msiniambie wapewe wote, bosi ameshakataa, wala msimlaani Lukwele mkadhani mmejibu. Ufunguo bado uko juu ya boneti. Kobelo hatasikia jina lake likiitwa. Banzi hawezi kuushika. Mwanne haoni ulipo. Ukimtaja mmoja, wawili wanatoka getini leo hii, na hakuna gereji nyingine itakayowapokea.

Je, wewe ungemtaja nani?