Mrija wa Kimpumu

"Rekodi zote za ushirika huu nazimeza kwa mkupuo mmoja, na maji siombi," alisema Zenon asubuhi hiyo, akijinyoosha kitini kama chifu aliyeshiba. Asnath, mwandishi wa programu mwenzake, alicheka tu. Sumbawanga haijawahi kukosa wenye majigambo, na wahenga walikwisha kuwatungia lao: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Alasiri meneja wao, Mama Silvana, aliingia uso umempauka kama jivu.

"Unga uliotoka ghalani una sumu," alisema. "Mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa, yamesagwa pamoja na ya chakula. Nipeni simu za waliouchukua kabla hawajasonga ugali wa jioni."

Makarani wa matawi walikuwa wameandika alama ya mzigo kila mmoja kwa mtindo wake, hivyo ilibidi kila rekodi isomwe ili kuupata mzigo wenye sumu. Zenon akaiamuru programu izilete zote kwa pamoja. Ndani ya hifadhidata rekodi ni mstari mwembamba tu. Lakini programu yao iligeuza kila mstari kuwa kitu kamili, chenye mkulima wake, tawi lake na mizigo yake yote, kikavimba kama ulezi uliolowekwa. Kumbukumbu ya kompyuta ikafurika. Skrini ikaganda, kisha ikawa nyeusi tii.

Baridi ya Ufipa haikumzuia Zenon kutokwa jasho. Dirishani aliona moshi wa jiko la kwanza ukipanda.

"Mshikaji, kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwa mrija, chungu hakibebwi mdomoni," alisema Asnath. "Vuta mafungu madogo madogo."

Zenon akavuta. Rekodi zikaanza kutiririka, lakini kwa hofu ya kupoteza hata moja, kila aliyoisoma aliirundika pembeni. Kompyuta ikazimika tena. Moshi sasa ulikuwa umetanda juu ya paa zote.

"Umevuta, hukumeza. Umejaza mashavu," Asnath alisema, naye hakucheka tena. "Soma fungu, chukua simu za wenye mzigo, fungu lenyewe tupa. Kisha vuta jingine."

Zenon akafanya hivyo. Majina yakaanza kutoka: moja la kijiji cha Muze, jingine la Wampembe. Kisha likatoka la Chala ambalo moyo wake ulilitambua kabla ya macho: Rozina, mama yake mzazi.

Simu iliita muda mrefu mno.

"Mama, mmeshasonga?"

"Hata shikamoo hakuna? Ugali uko mezani, tunamalizia sala."

"Msile. Mama, nakuomba, msile."

Kisha akamsikia mama yake akimwambia taratibu mdogo wa Zenon, "Alfonsi mwanangu, rudisha mkono."

Wote walipokwisha kupigiwa, Mama Silvana alishusha pumzi. "Hakuna aliyekula. Lakini mbona mmekawia hivi?"

"Umeme, mama," alijibu Zenon upesi. "Ulikatika mara mbili."

Mzee Kasimiri, mlinzi, alichungulia mlangoni. "Umeme upi, kijana? Redio yangu imechomekwa ukutani tangu mchana, haijakohoa hata kidogo. Nilichosikia kukatika ni yale maneno yako ya asubuhi."

Asnath akatazama dari. Zenon akatazama viatu vyake. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote; naye nusura amkose na mama.