Msusi Aliyeona Michoro

Wapendwa, wasusi mnawajua kwa maneno. Sasa msusi mmoja wa uswahilini, maneno yake yote yalikuwa michoro. Akimenya nanasi, kisu kinasimama hewani: "Jamani, njooni muone! Macho yanapanda mshazari, kulia na kushoto, hata moja halikosei njia!" Jioni hiyo hiyo kuna kichwa cha mtu kimesukwa nanasi. Akipasua kabichi, mapishi yamelala. Anaifuata mikunjo kwa kidole mpaka vitunguu vinaungua jikoni. Mgongo wa kobe, ganda la karanga, nyufa za tope lililokaushwa na jua, vyote kwake misuko!

Mumewe akamtania, "Mke wangu, iko siku utamsuka mbuzi wa watu."

"Mungu ni fundi, baba! Mimi naiga tu."

Raha iliyoje kuwa na macho kama yale! Au mnabisha?

Basi akaja mteja wake, mke wa jirani, binti mpole. Kesho yake mdogo wake anaolewa. Msusi akamlaki na jani bichi la mgomba, anarukaruka kama mtoto. "Leo nakusuka hili! Ona, mshipa mmoja katikati, mingine yote inaukimbilia!" Akaanza utosini, mikono inacheza, akafika nusu ya kichwa. Akainua nywele za kisogoni.

Mkono ukasita. Shingoni palikuwa na mchoro. Kialama cha mraba, kingine chini yake, na kingine, vimefuatana mpaka ndani ya blauzi. Umepangika, wapendwa, lakini huu hakuuchora Mungu.

"Shoga, hii nini?"

"Nilianguka."

"Ni sakafu gani hiyo yenye chuma cha mkanda?"

Binti akasema taratibu, "Dada, mara ile nyingine uliviona. Ukaniambia tushushe misuko nyuma, pazibike."

Ni kweli, aliviona. Si mnaijua desturi yetu? Kichwa cha mtu unakisuka, hukiulizi kimelalaje. Mambo ya ndani ni ya ndani. Macho yaliyoona nanasi na kabichi yaliona na shingo ile, na vidole vikaifunika kwa ustadi mkubwa. Aibu ikamwingia msusi mpaka kwenye mifupa.

Akatupa kitana, akamshika binti mkono. "Twende kwa mjumbe wa mtaa."

"Hivi hivi, nusu kichwa? Dada, nitaonekana!"

"Ndiyo! Leo uonekane!"

Wakaukata mtaa mzima, upande mmoja umesukwa, mwingine umetimka, shingo iko wazi juani. Na kina mama waliokuwa wakichambua mchicha barazani wakaweka ungo chini, mmoja baada ya mwingine, wakawafuata. Yule binti hakulala tena chini ya mkanda wa mumewe.

Sasa sisi! Tunapiga picha upinde wa mvua, tunasema Mungu mkubwa. Tunashangilia bawa la kipepeo, na tunafanya vizuri, kazi yake yastahili kushangiliwa! Lakini kazi yake iliyo bora kuliko zote ikichorwa na mkono usio wake, mbona tunakuwa vipofu ghafla? Kwani macho alitupa ya kuangalia makabichi tu?

Tangu ibada ianze, kila mmoja wenu ametazama shingo ya aliyekaa mbele yake. Umeona nini? Na utamuuliza lini?