Faki wa Simu na Hodi ya Nne

Wanangu na wajukuu zangu, wa mbali na wa karibu, hii isomeni mpaka mwisho, kisha mpelekeeni yule mnayemjua kuwa akiona kitu kwenye simu hubonyeza tu. Mnamjua. Kila nyumba anaye.

Palikuwa na mkulima wa karafuu, jina lake Vuai. Mtu mwema, tatizo lake moja: hakujua kumkatalia mtu. Ukipiga hodi kwake, kabla hujamaliza umeshaketi na kikombe mkononi. Siku moja alimkaribisha bwana mmoja, akamlaza siku tatu. Siku ya nne wakagundua kwamba bwana yule alikuwa anamtafuta Vuai mwingine, fundi baiskeli wa kijiji cha pili. Na bado Vuai akamfungia mkungu wa ndizi wa njiani.

Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa kinyume chake. Ukipiga hodi, hasogei.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi hana jina. Mimi nani? Wa nani? Nani amekutuma?"

Watu walisema kwa Bi Zuwena hata upepo hauingii mpaka utaje mjomba wake. Marehemu mama yangu alikuwa hivyohivyo. Alizoea kutuambia: hodi ni tatu. Ukipiga tatu usijibiwe, geuka uende zako. Anayepiga ya nne hakuja kukusalimu, ana lake jambo.

Sasa Vuai alikuwa na starehe moja, bao. Si la mti, la simu, hili la siku hizi ambalo unacheza na mtu usiyemwona. Humo kila mchezaji ana akaunti yake, jina lake na ushindi wake wote umekaa ndani kama nguo sandukuni. Ya Vuai aliijaza kwa miaka minne. Na mwaka huo akafika fainali: Ijumaa baada ya swala acheze na Mbarouk wa kijiji cha ng'ambo.

Sharti lilikuwa hili: kijiji kitakachoshindwa kiwapikie wenzao pilau. Mwaka wa nyuma walishindwa wa kwao Vuai, wakapika, na wageni wakala huku wakisema mchele una kiini, haukuiva ndani. Maneno hayo yaliwauma kuliko kushindwa kwenyewe. Wanawake wa kijiji walimwambia Vuai waziwazi: "Tukipika tena mwaka huu, wewe ndiye utakayekoka moto." Na mchezaji asiyeingia kwa akaunti yake mwenyewe, amekosa mchezo. Hakuna udhuru.

Basi Jumatatu alasiri Vuai ameketi barazani kwake na rafiki yake Faki. Hawa walitiwa jandoni siku moja, na tangu hapo hawajaachana. Faki ana kikombe cha kahawa mkono huu, kashata mkono huu.

Simu ya Vuai ikalia. Meseji. Jina: Faki. Picha: Faki, na kofia yake ya Idi.

"Hodi ndugu yangu. Wenye bao wanatoa kete za dhahabu kwa wachezaji bora. Nimekuombea na wewe. Bonyeza hapo chini. Usimwambie mtu, watu wana husuda. Hata tukikutana, usinitajie."

Vuai akainua macho, akamtazama Faki. Faki anapuliza kahawa.

"Mtu mstaarabu huyu," Vuai akawaza. "Anatoa zawadi, na wala uso haumbadiliki!"

Akamkonyeza.

"Jicho lina nini?" Faki akauliza.

"Aa, vumbi," Vuai akajibu, akamkonyeza tena.

Akabonyeza. Kitu kikaanza kuingia kwenye simu, na kila kikipiga hatua kinaomba ruhusa. Naomba kuona picha zako, ruhusu? Naomba kuona majina ya watu wako, ruhusu? Naomba kusikiliza, ruhusu? Ninyi nyote mngeshtuka. Vuai aliona adabu. Kitu kinaomba vizuri namna ile, utakikatalia kwa uso gani?

"Karibu," akanong'ona, akabonyeza. "Karibu. Pita tu."

Ukatokea ukurasa unaofanana na mlango wa bao lake hasa, rangi zilezile, unataka jina na neno la siri. Akaandika vyote. Neno lake la siri, jamani, lilikuwa "karibu".

Lakini bao lile lilikuwa na kufuli la pili. Mtu akitaka kuingia kwa simu ngeni, namba sita zinatumwa kwenye simu ya mwenyewe. Zikaja, na chini yake pameandikwa: usimpe mtu yeyote.

Papo hapo meseji nyingine: "Hodi. Nitumie hizo namba sita."

Vuai akafikiri. Akajiambia, "Faki si mtu yeyote." Akageuza mgongo ili Faki asione, akaanza kumwandikia Faki.

Hapo ndipo Bi Zuwena akatoka na sinia ya muhogo. Akamkuta mumewe amejikunja kwenye kona ya baraza, simu kaificha kwa kanzu, anatabasamu.

"Baba Mize, unamwandikia nani?"

"Rafiki."

"Rafiki gani?"

"Siwezi kusema, Mama Mize. Tumeahidiana."

We! Sinia iliwekwa chini kwa kishindo mpaka kuku wakakimbia.

"Miaka thelathini na moja! Nimekuzalia, nimekuuguza, nimekuvumilia na wageni wako wasiojulikana, leo una mtu mmeahidiana? Lete simu!"

"Si unavyodhani..."

"Lete!"

Akaisoma. Akaisoma tena. Akamtazama Faki kutoka kofia hadi kandambili.

"Shemeji, mume wangu unamwandikia kwa kitu gani, nawe mkono mmoja una kikombe na wa pili una kashata?"

Faki akaduwaa. "Mimi? Sijaandika kitu, shemeji."

Simu ikalia. "Hodi ndugu. Namba?"

"Hodi ya tatu," akasema Bi Zuwena. "Mwacheni. Msimjibu."

Wote watatu wakaitazama simu kama nyoka aliyelala. Haikuchukua muda.

"Hodi! Hodi! Fanya haraka zawadi inafungwa!"

"Ya nne," akasema Bi Zuwena, akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Sasa huyu tutamuuliza. Baba Mize, andika. Mwambie: mama yako anaitwa nani?"

Jibu likaja: "Ndugu yangu acha utani, nina haraka."

"Mtu gani anakuwa na haraka na mama yake? Andika: sasa hivi uko wapi?"

"Niko shambani, napalilia tangu asubuhi."

Vuai akasoma kwa sauti, akainua kichwa polepole. Wanangu, mpaka hapo alikuwa bado ana shaka. Huenda Faki ana simu nyingine, huenda anaandika kwa vidole vya miguu. Lakini Faki apalilie! Faki, ambaye jembe lake lilishaotewa na uyoga!

"Mwizi!" Vuai akapiga kelele. "Mwizi, Mama Mize! Nilimpa neno la siri!"

"Na namba?"

"Nilikuwa nimefika ya tano!"

Alikuwa bado hajatuma. Faki akaruka juu, kahawa ikamwagika. "Usiitume! Ifute! Kitoe kwanza hicho kilichoingia, usikiache hata kidogo. Halafu pita kwenye mlango wa bao lenyewe, si huo waliokutumia, ubadilishe neno la siri. Haraka, kabla hajapata njia nyingine!"

Wakafanya. Kile kitu kikatolewa. Vuai akaambiwa achague neno jipya, akafikiri, akasema, "Niweke 'karibusana'?" Mkewe akamnyooshea kidole mlango wa chumbani. Akaenda chumbani peke yake akaweka neno refu, na mpaka leo hakuna anayelijua, hata Bi Zuwena. Akaunti ikabaki yake.

Alipotoka alimkuta mkewe amesimama mbele ya Faki, mikono kiunoni.

"Shemeji, wewe bao la simu ulikuwa unamcheka mume wangu, unasema anacheza kama mkwe mpya. Leo mambo haya yote umeyajuaje?"

Faki akakiweka kikombe chini. Uso ulikuwa umemshuka.

"Nimeyajua siku mbili baada ya kuchelewa," akasema. "Na mimi nilipata meseji. Jumanne iliyopita. Nikabonyeza, nikatoa na namba zote sita. Akaunti yangu ya meseji yote imekwenda, na jina langu na picha yangu anavyo yeye."

"Wiki nzima!" Vuai akasema. "Na kila siku tunakunywa kahawa hapa!"

"Kila simu yako ikilia, roho inanitoka, najifanya napuliza kahawa. Ndiyo maana nikawa nakuja kila siku, nikuchunge."

"Si ungesema tu?"

"Niliogopa mtanicheka."

Bi Zuwena akamtazama sana. "Kwa hiyo ukaona afadhali mwizi atembee na jina lako, kuliko sisi tukucheke."

Halafu Vuai akaanza, kidogokidogo, mabega yanatikisika. "Napalilia tangu asubuhi," akasema, na hapo wakacheka wote, Faki mwenyewe akicheka machozi yanamtoka, sijui yapi ya kucheka na yapi ya kuibiwa.

Alipomaliza akavaa kandambili zake. Akazunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, kuwaambia watu kwamba Faki wa kwenye simu si yeye. Kazi haikuwa nyepesi, maana habari za Bi Zuwena zilikuwa zimemtangulia. Kila mlango aliulizwa: nani? Wa nani? Mama yako anaitwa nani? Alipofika kwake mwenyewe, mkewe alimsimamisha nje, akamuuliza mchana alikula nini.

Watu wanne kijijini walikuwa wameshapata meseji ile. Wawili walikuwa vidole juu, tayari kubonyeza.

Ijumaa Vuai akaingia kwa akaunti yake, akamla Mbarouk kete mpaka akabaki anahesabu mashimo matupu. Jumapili watu wa ng'ambo wakaja na sinia za pilau, moshi unapanda, harufu imetangulia.

"Hodi!"

"Nani?" Bi Zuwena akauliza kutoka ndani.

"Sisi, tumeleta pilau."

"Sisi hana jina. Pilau la nani? Limetoka wapi? Aliyelipika ni binti wa nani?"

Wakataja. Wakataja wazazi, wakataja na wajomba. Vuai yuko nyuma ya mlango, mate yanamjaa, anasema taratibu, "Mama Mize, nawaona kwa tundu, ni wao." Mlango ukafunguliwa pilau limepoa, lakini lililiwa, na halikuwa na kiini.

Faki alimaliza sinia nzima peke yake. Walipomwuliza mbona njaa hivyo, akajibu bila kuinua uso:

"Nimechoka. Nilikuwa napalilia."

Funzo: Hodi ya kwenye simu nayo iulizwe jina, hata ikija na sura ya rafiki yako, na namba za kufuli lako usimpe anayeziomba, na wewe uliyeibiwa, sema mapema, maana aibu unayoificha ndiyo kanzu anayovaa mwizi kwenda kwa jirani yako.