Kwa Nini Sheria ya Marekani Hubisha Hodi Milango Miwili

Haya, sogeeni, na mwenye la kucheka acheke sasa kabisa. Nawasikia mkitazama taarifa ya habari mkisema, Wamarekani hawa nao, sheria imepita baraza moja, imekwama baraza la pili, wanabishana mwaka mzima. Mnadhani ni uzembe. Si uzembe hata kidogo. Walitaka iwe hivyo, na walilipia.

Hapo kale milango hiyo miwili haikuwepo. Kulikuwa na mfalme mmoja ng'ambo ya bahari, akishasema, jambo limekwisha. Watu wa majimbo kumi na matatu wakachoka naye, wakapigana miaka na miaka mpaka akawaachia nchi yao. Lakini utawala wa mtu mmoja ulikuwa umewatia kinyaa, hata serikali yao wenyewe ya pamoja wakainyima nguvu. Ikitaka chakula cha askari, iliomba. Majimbo yalijibu, tutaona. Jimbo likaanza kulitoza jimbo jirani ushuru wa kuni. Nchi ilikuwa inasambaratika huku kila mmoja akijisifu kuwa huru.

Ndipo wakaitana katika mji mmoja kuitengeneza upya serikali yao na kuiandikia katiba. Jimbo moja dogo, dogo kweli, lilimtuma mwenye kinu cha kusagia unga aitwaye Hezekia Dobsi. Mama yake, Bi Mehetabeli, alimsindikiza hadi langoni. Bibi huyu alikuwa amezika wana wawili katika vita vile, na vigoda vyao bado vilikuwa karibu na meko. Hakuna aliyethubutu kuvikalia.

“Ndugu zako hawakufa ili tutoke kwa mfalme tuangukie kwa jirani mwenye ubavu,” alimwambia. “Ukirudi bila sauti yetu, usipite hapa.”

“Nimesikia, mama.”

Huko mkutanoni walifunga madirisha kiangazi chote na kuweka walinzi nje, joto likawapika. Hawakuwa wakificha wizi. Walitaka mtu aweze kusema neno leo na kubadili mawazo kesho bila kuzomewa mitaani.

Mzozo mkubwa ulikuwa mmoja: kila jimbo liwe na kura ngapi katika baraza la kutunga sheria. Kalebu Thorpu, mjumbe wa jimbo kubwa, alitaka zigawanywe kwa wingi wa watu. “Watu wetu ni mara kumi ya wenu,” alisema. “Kwa nini mmoja wenu awe sawa na kumi wetu?” Dobsi alijibu kwamba hesabu hiyo ikipita, jimbo lake litakuwa linakuja kusikiliza tu, kama mgeni. Hakuna aliyelegeza kamba. Kura zikapigwa na kurudiwa, salamu zikakatika, mpaka asubuhi moja Dobsi akaenda bandani kumtandika farasi wake.

Moyo ulimuuma. Akiondoka, wadogo wengine wangemfuata na nchi ingevunjika. Akibaki na kukubali, hana uso wa kumtazama mama yake. Thorpu akamkuta hapo.

“Hebu niambie, unaogopa nini hasa?”

Dobsi akamweleza habari za mama yake na vile vigoda. Thorpu akaketi juu ya majani ya farasi. “Nami nina walionituma,” alisema. “Nikiwaambia kwamba wao wengi ni sawa na ninyi wachache, watanitimua. Na watakuwa na haki.”

Dobsi alishika hatamu bila kuivuta. Wiki zote zile alimwona mwenzake mlafi, hakuwahi kufikiri kwamba naye anaogopa. “Basi hofu yako ni ya kweli na yangu ni ya kweli,” alisema. “Kwa nini tunazibana katika chumba kimoja?”

Wazo la kuhesabu kwa njia mbili, kila njia na baraza lake, lilikuwa limeshatajwa mwanzoni likapuuzwa. Safari hii wote wawili waliliunga mkono, likapita chupuchupu. Baraza moja likafuata wingi wa watu. La pili likawa na viti viwili kwa kila jimbo, kubwa kwa dogo. Sheria ingepaswa kukubaliwa kote kuwili. Rais naye wakampa muhula na kiapo cha kuilinda Katiba, ili asije akadhani nchi ni yake.

Sitawaficha aibu yao. Chini ya madirisha yale yale walipita watu weusi waliokuwa watumwa, na hofu yao haikupewa chumba. Nikifika hapa hunipanda hasira. Lakini Katiba ile iliachiwa njia ya kurekebishwa, na watumwa na wajukuu wao waliipigania kwa damu mpaka nao wakaingia. Hao najivunia kuliko wote waliokaa mle ndani.

Dobsi aliporudi, mama yake alikuwa amesimama langoni.

“Umerudi na nini?”

“Viti viwili, mama. Sawa na vya wakubwa.”

“Na wao je?”

“Wana baraza lao. Tutabishana kila siku.”

“Bishaneni,” alisema Bi Mehetabeli. Akaingia ndani, akavivuta vile vigoda kutoka mekoni, akavipangusa vumbi kwa pindo la gauni lake. Kimoja akakikalia mwenyewe, na cha pili akamsogezea mwanawe.

Na tangu siku hiyo sheria ya Marekani hubisha hodi milango miwili, na jimbo dogo kuliko yote hukalia viti viwili sawa na jimbo kubwa kuliko yote. Mkisikia wanabishana, msicheke. Hizo ni kelele za nyumba isiyo na mfalme.