Ua la Mbwarahaji

Sogeeni, wajukuu zangu, mkeka ni mpana. Niseme nisiseme? Itikieni, nijue kwamba mko macho. Haya.

Hapo kale, kale iliyo nyuma ya kale, kuta zilipokuwa bado zanuka chumvi na mawe yalipokuwa bado yakumbuka samaki, palikuwa na mji ukiitwa Kitamawe.

Mji ule ulijengwa kwa matumbawe. Bahari ikipwa, watu walishuka mwambani na mashoka, wakayakata ndani ya maji, wakayapandisha pwani yangali hai. Na tumbawe bichi ni laini, linachongeka kama muhogo uliochemshwa. Fundi hulifunika majamvi yaliyoloa, hulimwagia maji asubuhi, hulimwagia maji jioni, na huku anachonga, anachonga. Maana ubichi ule una mwisho wake. Jiwe likishakauka, limekauka. Halichongwi tena. Litakaa kama lilivyo mpaka Kiyama.

Mmelishika hilo? Lishikeni, ndilo kisa chenyewe.

Basi waliishi huko ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Mbwarahaji, mkata mawe. Mdogo aliitwa Shekuwe, mchonga mawe. Mkubwa akakata, mdogo akachonga. Mkubwa akakohoa kwa baridi ya maji, mdogo akaimba kivulini. Wala mkubwa hakulalamika. Alikuwa akisema, "Mikono yangu ni ya kupasua. Ya mdogo wangu ni ya kupamba. Mungu hakukosea."

Mwaka huo wakajenga msikiti mpya. Na mila ya mafundi wa Kitamawe ilikuwa hivi: msikiti ukikaribia kwisha, kila aliyeujenga huchonga ua moja chini ya mihrabu, pale anaposimama imamu. Huchonga kwa mkono wake mwenyewe, hata kama hajui kuchonga. Maua ya wengine yalikuwa maua kweli. Ya wengine yalikuwa kama kaa aliyekanyagwa. Hakuna aliyecheka. Lakini asiye na ua pale, ni kama hakuwapo.

Likaletwa jiwe la kilele cha mihrabu, jiwe kubwa, zuri, Mbwarahaji amelitafuta mwambani mpaka vidole vimekunjamana. Akamwambia mdogo wake, "Lifunike, Shekuwe. Jua la leo ni kali."

"Nitalifunika, kaka."

Ngoma ya harusi ikalia mtaa wa pili. Shekuwe akatupa jamvi kavu juu ya jiwe, akaenda kutazama kidogo. Kidogo kikawa mchana kutwa. Aliporudi akashika tindo na nyundo, akagonga mara ya kwanza, na jiwe likapasuka kutoka juu hadi chini.

Wakaja mafundi. Akaja mkuu wao, Mzee Badi, mtu mwenye nyusi nene na maneno machache. "Nani?" akauliza.

Shekuwe akatazama nyuso zile zote. Ulimi wake ukatangulia moyo wake. "Jiwe limekuja bovu," akasema. "Mbwarahaji amelikata penye mwamba mfu."

Mbwarahaji akapiga magoti, akagusa ule ufa, akaweka kidole ulimini. Mkata mawe hujua kwa ulimi kama jiwe limekufa baharini au limekufa juani. Akajua. Akamtazama mdogo wake, akangoja. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka, Shekuwe kimya.

"Mdogo wangu amesema," Mbwarahaji akasema, akainuka.

"Basi asiguse tena jiwe la msikiti huu," akasema Mzee Badi. "Na ua hana."

Tima, acha kuvuta mkeka. Hapa ndipo penye uchungu, na bado.

Tangu siku hiyo chakula cha Shekuwe kikakosa ladha. Akawa anakwenda jioni penye tanuu la chokaa, kwa sababu hapo ndipo alipokaa Shehe Mwidani. Shehe alikuwa mtu wa dhikri, mzee, mifupa yake ikipenda joto la tanuu. Jioni moja aliokota kijinga cha moto, akakizungusha hewani.

"Mwaona nini?" akauliza.

"Duara la moto," wakasema vijana.

"Duara haliko. Kuna cheche moja tu. Iko hapa, haiko, iko pale, haiko. Uzito wa macho yenu ndio uliochora duara. Na dunia ndivyo ilivyo. Mola huiumba, huikunja, huiumba. Kila pumzi ulimwengu mzima hutoka kwake mpya, unatiririka maji kama tumbawe linalopandishwa. Nyinyi mwasema ukuta ni ule ule, na mtu ni yule yule. Mwaona duara. Asiyebadilika ni Yeye peke yake."

Wajukuu zangu, maneno yale yalikuwa dawa, lakini Shekuwe aliinywa kinyume. Alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Akamwambia mkewe, Somoe, "Kila pumzi ni dunia mpya. Yule Shekuwe wa siku ya jiwe amekunjwa na dunia yake. Si mimi."

Somoe alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Kumbe. Na yule aliyenioa?"

"Somoe, haya ni mambo ya elimu."

"Nami nauliza kwa elimu. Kama aliyenioa amekunjwa, wewe bwana umeingia chumbani kwangu kwa idhini ya nani? Na yule aliyekula samaki wangu mchana naye kaenda zake? Mbona aliyeshiba ni wewe?"

Shekuwe akacheka, akataka naye acheke. Somoe hakucheka. "Nenda kwa kaka yako," akasema. "Amelala na kifua."

"Nitakwenda. Kesho nayo ni dunia mpya."

Kesho yake Mbwarahaji alikuja mwenyewe. Alikuja polepole, anashika kuta, na begani amebeba jiwe dogo linalochuruzika maji. Akalitua mlangoni kwa Shekuwe.

"Hili ni jiwe la ua langu," akasema. "Nimelikata leo."

"Kaka, na kifua hicho umeingia baharini?"

"Nimeingia na kutoka. Sikiliza, mdogo wangu. Sitakwenda kwa Mzee Badi kukushitaki. Mtoto wa mama yangu simtii aibu mbele ya watu. Wewe nenda, sema neno lako mwenyewe, kisha niite nije nichonge ua langu baya." Akatabasamu. "Lakini jiwe haliwezi kukungoja sana. Unalijua."

"Nitasema, kaka. Inshallah nitasema."

Mbwarahaji akangoja kidogo, kama siku ile. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka. Kisha akaenda zake, na kikohozi chake kikasikika mpaka kona ya mtaa.

Shekuwe akalifunika jiwe lile. Akalimwagia maji asubuhi, akalimwagia maji jioni. Hajapata kutunza jiwe vile. Akasema, nitasema Ijumaa, watu wakiwa wengi. Ijumaa ikaja, watu wakawa wengi mno. Akasema, nitasema watu wakipungua. Wakapungua, na Mzee Badi akawa na uso wa hasira. Somoe akapika uji, akampelekea shemeji yake, akarudi na bakuli limejaa. "Hali kitu," akasema. "Aliniuliza jambo moja tu. Jiwe lingali bichi?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia unalimwagia maji. Akageukia ukutani."

Neno lile likamchoma Shekuwe. Akatoka bila kofia, akakimbia mpaka msikitini, mafundi wanapaka chokaa. Akasimama katikati, akasema yote. Ngoma, jamvi kavu, jua, uongo. Aliyasema upesi, na alipomaliza akashangaa. Kumbe ni maneno machache kiasi hicho.

Mzee Badi akaweka chini chombo chake. "Twendeni tukamchukue," akasema.

Wakaenda wote, mikono myeupe kwa chokaa. Walipofika mlangoni kwa Mbwarahaji, wakasikia wanawake ndani wakilia.

Shekuwe hakuingia. Aligeuka, akakimbia kwake, akafunua jamvi, akaliweka tindo juu ya jiwe la kaka yake. Angalau ua, alisema moyoni, ua moja. Akagonga. Tindo likaruka. Jiwe lilikuwa limeloa juu, lakini ndani limekauka.

Baada ya maziko alikwenda kwenye tanuu. "Shehe," akasema, "ulituambia dunia huumbwa upya kila pumzi. Mbona yangu haikuumbwa upya?"

"Iliumbwa," akasema Shehe Mwidani kwa sauti ndogo. "Nilikwambia kwamba iliyopita hurudi? Mola harudii kitu, mwanangu. Kila pumzi ilikuja na kaka yako ndani yake, hai, anangoja. Wewe ukaingoja inayofuata."

"Nilidhani yule aliyesema uongo amekwisha."

"Amekwisha, ndiyo. Na kila pumzi ulipoumbwa upya, ukanyamaza upya. Hukusema uongo siku moja, Shekuwe. Umeusema mpaka jana."

Shekuwe akalia, na Shehe akamwacha alie.

Mafundi wakalijenga jiwe lile chini ya mihrabu kama lilivyo, tupu, katikati ya maua. Shekuwe akachonga miaka mingi baada ya hapo, akachonga vizuri, na hapana aliyemsikia tena akiimba.

Wazee wetu walisema watu wa Kitamawe walikuwa na desturi moja. Mtu aliyegombana na mwenzake, akitoka kuswali, hupitisha kiganja juu ya jiwe lile lisilo na ua. Kisha hakwenda kwanza nyumbani, wala sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenzake, na ubaridi wa jiwe ungali mkononi.

Basi nanyi, wajukuu zangu, mwenye neno la kumwambia nduguye alitoe lingali bichi. Pumzi hii mnayovuta haijapata kuwako, na haitakuwako tena.

Kisa nimekitua hapo. Mwenye bega na akibebe. Na wewe Tima, umempiga mwenzako alasiri, nilikuona. Yuko pale karibu na mlango, nenda.