Tita la Kuni la Wakesho

Sogeeni upande huu usio na moshi, maana hadithi yenyewe ni ya moshi. Nyinyi mkipewa kitu mnanyoosha mikono miwili, mnainamisha macho, mnashukuru kwanza, ndipo mnatazama mlichopewa. Mkiulizwa sababu mnasema ni adabu. Adabu haikushuka na mvua. Kuna aliyeumia ndipo nyinyi mkaipata, tena aliyeumia hakuwa na kosa.

Zamani hapa Kighangu zawadi zilitangazwa. Mwanamke akijifungua, siku ya nne watu walikusanyika uani, ngozi ya ng'ombe ikatandikwa, na mtangazaji akainua kila kitu juu ya kichwa chake, akitaja ni nini na kimeletwa na nani. Mbuzi alipigiwa vigelegele virefu. Kibuyu cha samli kilipata vya wastani, kuku vya kukatiza. Asiyekuwa na kitu alijifanya mgonjwa siku hiyo, na nawaambieni, Kighangu ilikuwa na wagonjwa wengi kweli kweli.

Wakesho alikuwa mjane asiye na mbuzi wala kuku. Alikuwa na mwenzake wa tangu utotoni, Mkawasi, waliyekuwa wakigawana naye kiazi kimoja mpaka Mkawasi alipoolewa kwenye boma lenye ng'ombe. Sasa Mkawasi alikuwa na mimba, baada ya mbili kuharibika, na Wakesho akawaza siku nyingi ampelekee nini. Hakutaka kujifanya mgonjwa. Alitaka asimame pale uani, jina lake litajwe mbele ya mwenzake, basi.

Akakumbuka kwamba mzazi hukaa ndani miezi mitatu na moto wake hauzimwi. Mtoto angezaliwa karibu na majira ya ukungu, wakati kuni zote za vilimani hutokwa na maji mekoni na nyumba hujaa moshi. Lakini chini nyikani kuna mgunga, mti mgumu ambao ukikaushwa sawasawa huwaka bila moshi. Wakesho aliteremka nyikani mara kumi na moja, na mara kumi na moja akapanda mlima na mzigo kichwani. Alizipasua zile kuni nyembamba, akazipanga kwenye uchaga juu ya meko yake, akaziacha zikauke miezi sita. Yeye mwenyewe alipikia matawi mabichi, machozi yakimtoka, wala hakugusa hata kijiti kimoja cha mwenzake.

Mtoto akazaliwa, siku ya nne ikafika. Mtangazaji alikuwa Mwadime, mtu aliyependwa kwa mizaha yake. Aliinua mbuzi watatu, akainua samli, kisha akainua tita moja kati ya yale kumi na moja ya Wakesho, akaligeuzageuza.

"Wakesho ameleta kuni," akasema. "Jamani, nani alimwambia boma hili halina msitu?"

Watu wakacheka. Wakesho hakuwajali. Alikuwa akimtazama Mkawasi, aliyeketi mlangoni na mtoto mchanga kifuani, kwa sababu alijua huyu ataelewa. Mkawasi naye aliwaona wakwe zake wanamtazama yeye. Akacheka.

"Ahsante, mwenzangu, lakini ungebaki tu nyumbani," alisema. "Zipelekeni kwenye vyungu vya nyama, wageni wasikawie."

Zikachukuliwa mbele ya macho yake. Kazi ya miezi sita iliteketea kabla jua halijafika utosini. Mpishi mmoja aliuliza, "Kuni gani hizi, mbona hazina moshi?" huku akichochea nyingine. Wakesho alilisikia swali hilo, akageuka akaondoka. Aibu haina haki hata kidogo. Humfunga mdomo aliyetendewa, ikamwacha aliyetenda anaongea. Hata wakati huo watu walikuwa wakisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walikuwa wakiyasema hayo huku midomo imejaa nyama.

Ukungu ukashuka, ukakaa wiki baada ya wiki. Mbuzi hawawashi moto, na samli haikaushi kuni. Nyumba ya Mkawasi ikajaa moshi usiku na mchana, na yule mtoto, msichana waliyemwita Saru, macho yake yakavimba, yakatoa usaha, kisha utando mweupe ukaanza kuyafunika. Mkawasi akavunja mwiko wa mzazi. Alijitanda ngozi, akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Wakesho.

"Dada, zile kuni," alisema. "Hazikubaki hata tano?"

"Zote nilikuletea."

"Mbona hukuniambia ni za nini?"

"Nilidhani wewe huhitaji kuambiwa."

Kisha Wakesho aliinuka, akaung'oa uchaga wenyewe, fito zilizokaushwa na moto wa miaka mingi, akazifunga na kumtwisha. Msiseme alifanya hivyo kwa upendo. Alikuwa na hasira ya kutosha kuichoma nyumba. Alifanya hivyo kwa sababu mtoto hakumcheka.

Moshi ulipungua, lakini utando haukutoka. Saru akakua kipofu.

Na kwa kuwa haoni, kila alichopewa alikipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akashukuru kabla ya kujua ni nini. Kiazi na kondoo vilipata shukrani moja. Watu wakaanza kuona haya kuinua vitu juu mbele yake. Ngozi ikaacha kutandikwa, na Mwadime akabaki na mizaha yake bila wa kumchekea.

Saru alipotimiza miaka kumi na minne, akatolewa ndani kama wasichana wote wanaovunja ungo, Wakesho alifika. Hakuwa amekanyaga ua ule tangu siku ya nne. Alikuwa amezeeka kabla ya umri wake, na alileta kile kile, tita dogo kwa sababu mgongo haukumruhusu kubwa. Saru akanyoosha mikono miwili, akainama, akashukuru. Kisha akapapasa, akanusa. Mtoto huyu alizijua kuni zote kwa harufu.

"Mgunga mkavu," akasema. "Hizi haziumizi macho. Aliyezileta amehangaika sana." Akageuza uso upande aliko mama yake. "Mama, nilipozaliwa hakupatikana mtu wa kutuletea kuni kama hizi?"

Wakesho alimtazama Mkawasi, akangoja. Angoje nini tena, hata mwenyewe hakujua. Mkawasi aliinamisha macho, hakuyainua mpaka mgeni wake alipoiokota ngata yake ya kubebea mzigo na kwenda zake.

Na tangu siku hiyo, hapa Kighangu, anayepewa kitu hunyoosha mikono miwili na kuinamisha macho. Mikono ile ni ya Saru. Macho yanayotazama chini ni ya mama yake.